Sugu Ni Kijidudu, Si Mwanamke



Harusi zimeshika kasi. Kila wiki kuna mwari anayetolewa, kila nyumba inanukia udi na asumini, na nyinyi mmezoea kutukuta hapa tukiandika juu ya singo, hina, piko na mapishi ya fungate. Leo tutawaudhi baadhi yenu, kwa sababu tutazungumzia mkojo. Anayeona haya asome akiwa peke yake, lakini asome mpaka mwisho. Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Ansar kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Haya ni pambo la mwanamke. Ikimzuia kutibiwa, imekuwa kamba shingoni.

Tuanze na yaliyotufika.

Mwenzetu mmoja, katika sisi tunaoandika hapa, alijifungua kwa upasuaji. Mtoto mzima, mama mzima, Alhamdulillah. Siku ya pili mpira wa mkojo bado umo. Siku ya tatu bado umo, na kila tukiuliza tunaambiwa tusubiri daktari apite. Siku ya nne akashikwa na homa, baridi ya kutetemeka na maumivu ya ubavuni yaliyomfanya ashindwe kumpakata mwanawe. Akaanzishiwa sindano zile zile ambazo kila mtu wodini anachomwa. Siku mbili zikapita, homa haishuki. Ndipo mkojo wake ulipopelekwa kuoteshwa maabara.

Majibu yalirudi baada ya siku tatu. Karatasi ina orodha ndefu ya dawa, na mbele ya karibu kila moja pana herufi R, maana yake kijidudu kimeishinda dawa hiyo. Zilibaki dawa mbili tu, zote za kupitishia kwenye mshipa, na moja haikuwapo pale hospitali. Mumewe akaizunguka mji mzima. Bangili mbili alizotunzwa biharusi yule siku ya harusi yake ndizo zilizolipia zile chupa.

Amepona, tunamshukuru Mola. Lakini kabla hajatoka, daktari mmoja, mwanamke, alikaa kitandani kwake akamuuliza: "Mwanangu, tangu uolewe umeshatumia dawa gani za mkojo?" Akaanza kuhesabu. Cipro aliyoletewa na somo yake siku ya tano ya fungate. Vidonge vya rangi mbili alivyogaiwa na wifi yake. Septrin, siku tatu, alipoona nafuu akaacha. Cipro tena. Amoxicillin alizokuwa amebakisha mama mkwe. Miaka mitatu ya ndoa, mara sita au saba za kumeza dawa, na mkojo wake haujawahi kupimwa hata mara moja.

Hatuwezi kusema kwa yakini kwamba kijidudu kile alikwenda nacho hospitali, wala kwamba alikipata pale pale kupitia mpira na mikono ya watu. Njia zote mbili zipo wazi. Ndiyo maana leo hatutamwachia mtu: tutasema na nyumba zetu, tutasema na maduka ya dawa, tutasema na wodi.

Neno "sugu" tumelipachika pasipo pake

Mitaani kote sasa utaona matangazo: dawa ya UTI sugu. Kwenye simu ni hayo hayo, chupa yenye mizizi, kifuko cha unga, na picha ya mwanamke ameshika tumbo. Na sisi tumelipokea neno. "Fulani ana UTI sugu." Tunalisema kama tunavyosema mtoto sugu, kama kwamba kasoro iko kwa mwanamke mwenyewe, mwili wake mchafu, au mienendo yake ina walakini.

Sugu ni kijidudu, na usugu wake kimefundishwa na dawa zetu wenyewe.

Bakteria anayesababisha maradhi ya mkojo mara nyingi ni E. coli. Huyu anaishi ndani ya utumbo wa kila mmoja wetu, na huko hana ubaya. Tatizo ni pale anapovuka akaingia njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamke ni fupi sana, kama sentimita 4 tu. Sasa, kila unapomeza antibiotiki, iwe ni ya mkojo, ya koo au ya jino, dawa haiendi kwenye kibofu peke yake. Inapita tumboni, inawaua bakteria wanyonge, na wale wachache wenye uwezo wa kuihimili wanabaki na uwanja mtupu. Wanazaana. Wengine wana uwezo wa kutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijawafanya kitu, na wanaweza hata kuwagawia jirani zao ule ujuzi. Hapo wewe hujisikii mgonjwa. Unapika, unaswali, unakwenda kazini, na umebeba jeshi tumboni linalosubiri siku ya upasuaji, siku ya mpira, siku mwili umechoka.

Hili si jambo jipya. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba mtu atakayetumia dawa hii kwa kiasi kidogo kisichotosha atawafundisha vijidudu kuishinda. Miaka 80 imepita na sisi bado tunagawana vidonge kama tunavyogawana halua.

Na bei yake ni kubwa. Kwa makadirio yaliyotolewa na watafiti katika jarida la Lancet, mwaka 2019 peke yake watu zaidi ya milioni 1.2 duniani walikufa moja kwa moja kwa bakteria walioshinda dawa, na sehemu iliyobeba mzigo mzito zaidi ni Afrika iliyo kusini ya Sahara. Hao si watu wa mbali, ni sisi.

Kuungua si cheti cha daktari

Upo utafiti uitwao HATUA uliofanywa Kenya, Tanzania bara na Uganda. Walichukuliwa wagonjwa zaidi ya 7,500 waliofika vituoni wakiwa na dalili za UTI, mkojo wao ukapimwa maabara. Walioonekana kuwa na bakteria wa kutibiwa ni kama mmoja tu kati ya watatu. Na katika bakteria waliopatikana, karibu nusu walikuwa wamezishinda dawa za makundi matatu au zaidi.

Soma tena hapo, dada. Wawili katika kila watatu walikuwa na kitu kingine. Huenda ni fangasi, ambao antibiotiki huwazidisha. Huenda ni maradhi ya zinaa, ambayo yana dawa zake na yanamhitaji mume naye atibiwe. Huenda ni michubuko tu. Na yule mmoja ambaye kweli alikuwa nayo, bahati nasibu ikiwa kidonge cha dukani kitamfaa.

Halafu unakwenda duka la dawa, unanong'ona "naungua", na kijana nyuma ya meza bila ya kuinua macho anakukatia vidonge kumi. Antibiotiki ni dawa za cheti. Anajua. Na sisi tunajua kwamba anajua. Tukimlaumu muuzaji lazima tujilaumu na wenyewe, kwa sababu akitwambia "nenda kapime kwanza" tunamwita mjeuri na kuhamia duka la pili.

Fungate na ukimya wetu

Madaktari wanalijua tangu zamani: wanawake wengi hupata maradhi ya mkojo katika wiki za mwanzo za ndoa. Sababu yake ni ya kimaumbile. Tendo lenyewe huwasukuma bakteria kuelekea njia ile fupi. Halina uhusiano na uchafu, na UTI peke yake si dalili kwamba biharusi au bwana harusi alikuwa na mambo yake.

Lakini nani anamwambia mwari hivyo? Somo anamfundisha kuvaa, kunukia, kupokea na kuagia. Anamfundisha kukaa na kusimama. Halafu siku ya nne mtoto wa watu anaungua mpaka analia chooni, na anaogopa kusema kwa sababu mume atamdhania vibaya, mama mkwe atapata la kupeleka barazani. Basi analetewa kidonge kimekunjwa ndani ya leso. Yule somo anaamini amemsitiri. Kumbe ndiyo hatua ya kwanza ya safari iliyomalizikia kwenye bangili mbili.

Na kuna lile ambalo tutalisema wazi hata kama litatukosesha wasomaji. Shabu, ndimu, sabuni za manukato, tumbaku, mafusho ya kuingiza na kila kinachoitwa cha kubana na kukausha, viacheni. Ndani ya mwanamke Allah ameweka bakteria wema ambao ndio walinzi wa mlango. Ukiwaua kwa shabu, umewafungulia wabaya. Udi fukiza nguo, fukiza nywele, fukiza chumba mpaka jirani ajue kuna harusi. Mule ndani maji safi ya nje yanatosha.

Wauzaji wa dawa za UTI sugu nao tuna neno nao. Hatuna ugomvi na dawa za miti shamba, bibi zetu walitulea nazo. Ugomvi wetu ni na mtu anayemuuzia mwanamke mwenye homa na maumivu ya ubavu chupa ya mizizi, akamwambia arudi baada ya mwezi. Maradhi yakishapanda kwenye figo hayasubiri mwezi.

Na nyinyi wa hospitali

Wapo watakaosema makala haya yanawabebesha wanawake mzigo wote. Hapana. Mwanamke anayelazwa ameikabidhi hospitali mwili wake kama amana, na amana ina masharti.

Mpira wa mkojo ni kitu kinachookoa maisha. Lakini kila siku unapokaa, bakteria hupata ngazi ya kupandia. Hujenga utando juu ya mpira, na ndani ya utando huo dawa haziwafikii vizuri. Wataalamu wanakadiria kwamba kila siku moja ya ziada inaongeza uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo kwa asilimia 3 hadi 7. Kwa mzazi aliyepasuliwa bila ya matatizo, mpira haukukusudiwa kukaa siku baada ya siku kwa sababu tu hakuna aliyekumbuka kuutoa. Wapo ambao ni lazima ukae, kama aliyepata uchungu wa muda mrefu kibofu kikaumia, na huyo asithubutu kuutoa mwenyewe. Lakini hata yeye ana haki ya kuambiwa kwa nini umo na lini utatoka.

Tunajua wauguzi ni wachache na wagonjwa ni wengi. Tunajua zipo zamu ambazo muuguzi mmoja anahudumia wodi nzima, na wengi wao ni dada zetu na binti zetu wanaofanya kazi kwa imani. Hatuwatukani. Tunachokataa ni mazoea. Kutoka kitanda hiki kwenda kile bila ya kunawa mikono ni mazoea. Mfuko wa mkojo kulazwa sakafuni ni mazoea. Kumchoma kila mwenye homa sindano ile ile ya ceftriaxone kabla ya kuchukua mkojo wa kuotesha ni mazoea. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi, na ceftriaxone na cipro zimewekwa kundi la kuangaliwa, zisitumike ovyo. Sisi tumezigeuza chai ya asubuhi.

Na wakubwa wa afya, msitwambie tupime wakati maabara za kuotesha mkojo zinahesabika. Tanzania ilishaandika mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa tangu mwaka 2017. Karatasi haioteshi mkojo. Mashine, vitendanishi na watu wa maabara ndio wanaootesha, na mama wa kijijini anavihitaji kama wa mjini.

Visingizio tunavyovijua

"Kupima ghali." Kweli, kwa wengi si rahisi. Lakini hesabu dozi zote ulizonunua mwaka huu bila ya kupona, kisha utwambie kipi ghali. Harusi zetu zinatandikwa zulia, zinapigwa picha na ndege wa angani, zinakatwa keki ya ghorofa tano. Fedha za kumpima biharusi mkojo hazikosekani, zimepangiwa pengine.

"Daktari ni mwanamme." Omba mwanamke, ni haki yako kuomba. Na masheikh wetu wametufundisha siku zote kwamba asipopatikana, dharura ya matibabu ina hukumu yake. Tena kutoa mkojo kwenye kikopo hakuhitaji kuvuliwa na mtu.

"Mbona dawa ya dukani ilinisaidia?" Pengine ilikusaidia. Pengine ingepona yenyewe kwa maji na muda, kama baadhi zinavyopona. Na pengine ilituliza tu na kuacha wale wenye nguvu. Hujui, kwa sababu hukupima.

"Basi nisimeze antibiotiki kabisa?" Hatukusema hivyo. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Dawa iliyoandikwa baada ya kupimwa inywe kama ulivyoelekezwa, kwa siku ulizoelekezwa, na iliyobaki usimgawie mtu. Antibiotiki ni neema ya Allah, na neema ikichezewa huondoka.

Wasia wetu kwa mwari, kwa somo na kwa mama

Kwanza, mwari. Kunywa maji ya kutosha. Nenda ukakojoe baada ya tendo, usilale nao. Unapochamba, anzia mbele kwenda nyuma. Ukiungua, nenda kituoni, achia mkojo wa mwanzo upite, kinga wa katikati, na uombe upimwe. Ukirudiwa tena, au dawa isipofanya kazi, omba mkojo uoteshwe. Ukiwa na homa, kutapika au maumivu ya ubavu, usingoje kuche. Na ukiwa mjamzito usiwe na mzaha hata kidogo, kwa sababu bakteria kwenye mkojo wa mjamzito hutibiwa hata kama hasikii kitu, wasije wakapanda kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati. Wala usinywe cipro ya mtu ukiwa na mimba.

Pili, somo. Wewe ndiye unayeaminiwa kuliko daktari. Katika yale unayomnong'oneza mwari, tia na haya. Na kidonge ulichokikunja kwenye leso kirudishe. Sitara ya kweli ni kumshika mkono ukampeleka.

Tatu, mama, dada na wifi mnaokaa na mgonjwa wodini. Msikae kama wageni. Kila asubuhi ulizeni kwa adabu: "Bibi muuguzi, mpira huu bado unahitajika?" Angalieni mfuko usiguse chini na usiinuliwe juu ya kibofu. Naweni mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa, na mkimwona anayekuja kumgusa hajanawa, mwambieni. Atakasirika leo, kesho atakushukuruni. Na mkiulizwa dawa alizowahi kutumia mgonjwa, semeni kweli yote, hata zile za leso.

Nne, waume. Mkeo akikwambia anaungua, usimuulize alikuwa na nani. Mtafutie usafiri.

Mwenzetu sasa anatutania kwamba mwanawe amenyonya dhahabu. Tunacheka naye, lakini kila tukimwona mkononi hana zile bangili tunakumbuka kwamba yeye alikuwa na cha kuuza. Hatujui kitanda cha pili yake walikuwa na nini.

Tunamuomba Allah awape shifaa wagonjwa wetu wote, awahifadhi wazazi na watoto wao, na awabariki maharusi wetu wote wa msimu huu. Amin.

Wabillahi tawfiq.